Namna ya kukadiria kiwango cha asili cha aseniki na wenzake kwenye udongo kabla hujasema umechafuliwa (mfano wa Geita)

Ripoti nyingi za mazingira zinajikwaa palepale: mtu kachukua sampo kumi karibu na mgodi, maabara imemrudishia aseniki mg 14 kwa kilo, kafungua jedwali la EPA, shirika la mazingira la Marekani, kakuta udongo wa makazi umeandikwa 0.68, basi kaandika "eneo limezidi kiwango mara 20", kasaini, kapeleka. Wananchi wanasoma wanachanganyikiwa, mgodi unaleta mwanasheria, na kikao kinaisha bila mtu kujua kama ule udongo una shida au hauna.

Hiyo 0.68 iliyokaa kwenye jedwali miaka mingi ilipatikana kwa kalamu, ni hesabu ya hatari ya saratani kwa mtu mmoja kati ya milioni, hakuna shamba lililochimbwa kuipata. USGS, yaani jiolojia ya haohao Wamarekani, walipotoa matokeo ya udongo wa nchi yao mwaka 1984, wastani wa aseniki ulikuwa mg 7.2 kwa kilo. Maana yake udongo wao wenyewe, na mashamba ambayo hayajawahi kuona mgodi, unazidi ile namba mara kumi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "umezidi?" inabidi uulize "umezidi udongo gani?" na kazi yote ya huu uzi ni kulijibu hilo swali la pili vizuri.

Natumia Geita kwa sababu pale pana kila kitu: mwamba wenye dhahabu, mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji 2000, uchimbaji wa zamani wa enzi za mkoloni, na wachimbaji wadogo wenye makarasha (mashine za kusagia mawe) na zebaki kila kona. Ila hatua ni zilezile ukiwa Chunya, Migori, Kakamega au kwingineko.

Kwanza kubaliana na mteja unatafuta asili ipi

Kuna asili ya kweli, ile aliyoiweka mwamba peke yake, na kuna hali ya kawaida ya eneo, yaani mwamba ukijumlisha na vumbi la miaka mingi la magari, mbolea, moshi, vitu ambavyo havina mwenyewe mmoja wa kumshitaki. EPA wanaziita zote mbili bakgraundi, ila wanazitenganisha, ya mwamba na ya binadamu. Kwa aseniki ya kijijini tofauti inaweza isiwe kubwa, ila kwa risasi mjini ni kubwa sana, maana petroli ya risasi ilichomwa kwa miongo mingi na ile risasi haijaenda popote, iko kando ya barabara mpaka leo. Zebaki nayo husafiri hewani, inatua hata msituni kusikokuwa na mtu, kwa hiyo asili tupu ya zebaki kwenye udongo wa juu ni ngumu kuipata popote duniani. Andika ukurasa wa kwanza unamaanisha ipi, usiache msomaji akisie.

Kitu cha pili cha kuweka kichwani, na hiki ndo kinachobeba kila kitu kingine: kiwango cha asili sio namba moja. Ni mtawanyiko, na kila aina ya mwamba na udongo ina wa kwake. Ukichukua udongo wa juu ya mwamba wa dhahabu ukaulinganisha na udongo wa graniti wa kilomita 30 mbele ni kama kupima presha ya babu ukaisoma kwa chati ya watoto. Waingereza walipofanya hii kazi ya nchi nzima 2012 kupitia BGS, idara yao ya jiolojia, hawakutoa namba moja ya aseniki, walitoa tatu: 32 mg/kg kwa sehemu kubwa ya Uingereza, 220 kwa maeneo ya mawe ya chuma, na 290 kwa maeneo yenye mishipa ya madini kama kule Cornwall na Devon. Nchi moja, na namba zinapishana karibu mara tisa. Mtu akikwambia "kiwango cha asili cha Tanzania ni hiki", muulize Tanzania ya wapi.

Ramani kabla ya jembe

Siku za kwanza usiende field. Tafuta ramani ya jiolojia, GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania pale Dodoma, wana zile shiti za robo digrii, chukua shiti yako na za jirani. Kwa Geita utaona ukanda wa miamba ya Nyanzian, mawe ya kijani ya volkano ya kale sana yakiwa na tabaka za mawe ya chuma, na kuzunguka huo ukanda graniti imejaa. Dhahabu ya pale imekaa kwa sehemu kubwa kwenye au karibu na yale mawe ya chuma, imeambatana na madini ya salfaidi, na sehemu kama Kukuluma na Matandani salfaidi hizo ni pamoja na asenopairaiti ambayo ndani yake ina aseniki. Kwa hiyo hata kama asingekuja mzungu wala karasha, vile vilima vingekuwa na aseniki kuliko graniti ya chini. Na aliyetafuta dhahabu anajua hilo tangu zamani, wapima udongo wa utafiti wa madini wanatumia aseniki kama alama ya kufuatia dhahabu.

Ukishatenganisha mwamba, tenganisha mteremko. Hapa Wasukuma wametusaidia mno maana wana majina ya udongo kufuata mteremko kuanzia kilimani mpaka bondeni: kikungu ule mwekundu, luseni wa kichanga, itogolo, ibambasi ule mgumu wa chumvichumvi, halafu mbuga nyeusi kule chini. Huo mpangilio wa udongo kubadilika kufuata mteremko ndo Geoffrey Milne, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanganyika, aliupa jina la katena mwaka 1935, na dunia nzima ya sayansi ya udongo inatumia neno hilo leo. Kwa kazi yetu maana yake ni moja: luseni imeoshwa haina kitu, mbuga ina udongo wa mfinyanzi unaoshika kila kinachoteremka na maji, kwa hiyo luseni na mbuga za mlima uleule mmoja haziwezi kuwa na namba moja. Ukichanganya kwenye jedwali moja umeshaharibu kabla hujaanza.

Halafu kaa na wazee. Kweli kabisa, kahawa na wazee ni hatua ya kitaalamu. Waulize wapi palichimbwa zamani, wapi palikuwa na mwalo wa kuchenjulia, wapi lori lilikuwa linamwaga kifusi, barabara ya zamani ilipita wapi, na pamba ilipigwa dawa gani. Dawa za zamani za mifugo pia ziulizie, majosho ya zamani sehemu nyingi za Afrika yalitumia aseniki kuua kupe, na udongo pembeni ya josho unaweza kukupa namba ya kutisha ambayo haihusiani na mwamba wala mgodi. Vitu hivi havipo kwenye ramani yoyote.

Kuchagua sehemu za kulinganisha

Hapa ndo kazi ilipo, takwimu baadaye ni mapambo. Sehemu ya kulinganisha inatakiwa iwe na mwamba uleule, nafasi ileile kwenye mteremko, udongo wa aina ileile, ila isiwe imeguswa. Iwe upande upepo unapotokea, sio unapoelekea. Iwe juu ya mkondo wa maji wa mgodi na mialo. Mbali na barabara ya vumbi, kama mita mia na kuendelea, na mbali na makazi, mashimo ya taka, makaburi, reli, nguzo zilizopakwa dawa. Msitu wa hifadhi juu ya mwamba uleule ni mzuri, shamba la kawaida linafaa kama unajua mbolea iliyowekwa, maana mbolea za fosfeti zinakuja na kadimiamu na urani kidogo.

Epuka vichuguu. Mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, ndo maana watafuta dhahabu wanapima vichuguu makusudi, sasa wewe ukichukua sampo ya "udongo wa juu" kwenye kichuguu kilicholimwa kikasambaa umechukua udongo wa mita kadhaa chini bila kujua.

Kuna mtego mmoja unawanasa hata wazoefu: sehemu safi kabisa juu ya mwamba wa dhahabu hazipatikani, kwa sababu penye dhahabu pameshachimbwa. Basi washauri wanakimbilia kwenye graniti kwa sababu ni pasafi. Pasafi ndio, ila sio mwenzake. Afadhali uchukue sehemu iliyoguswa kidogo juu ya mwamba sahihi, halafu uchimbe chini zaidi upate tabaka ambalo vumbi halijafika, kuliko sehemu takatifu juu ya mwamba wa watu wengine.

Nenda Katanga, kule Kongo, uone hili swali likiwa kubwa kuliko kwetu. Kule kuna vilima vya shaba ambavyo miti haioti, vina nyasi na maua yake maalumu tu, mmea kama Haumaniastrum katangense umezoea shaba mpaka wafuatiliaji wa madini wanautumia kama kiashiria. Hiyo ni asili. Halafu kuna Lubumbashi, ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba ulipelekwa na upepo wa kusini-mashariki kwa miongo mingi ukamwaga shaba, risasi na kobalti upande wa kaskazini-magharibi. Hiyo ya binadamu. Shaba ni ileile, namba zinaweza kufanana, ila kule kilimani ukichimba chini shaba inaendelea kuwepo, kule kwenye moshi imejaa juu inaisha haraka ukishuka.

Sampo ngapi, kina gani

Kila kundi (mwamba + aina ya udongo) lipate sampo zake. Chini ya 10 usihangaike, 20 mpaka 30 ndo unaanza kuongea kwa kujiamini. Kama unataka kusema "namba kubwa kuliko zote niliyopata inafunika asilimia 95 ya udongo huu kwa uhakika wa asilimia 95" bila kudhani umbo lolote la mtawanyiko unahitaji 59, hiyo ni hesabu tu, 0.95 ukiizidisha yenyewe mara 59 inashuka chini ya 0.05. Bajeti ya watu wengi haifiki huko kwa hiyo tunakubali kudhani umbo, lakini jua unachokidhani.

Kina: chukua mbili kila sehemu, sentimita 0 mpaka 20 na nyingine ya chini, mfano 50 mpaka 80. Ile ya juu ndo mtoto anachezea, ya chini ndo shahidi wako wa mwamba. Kama juu na chini zinalingana au chini ni kubwa zaidi, mwamba unahusika sana. Kama juu ni mara tatu nne ya chini, anza kuuliza maswali, ila usihukumu haraka maana mizizi na majani yaliyooza yanashika zebaki na risasi juu bila mgodi wowote.

Vifaa: chuma cha pua kisichopakwa rangi, oga (ile kekee ya kuchimbia) au koleo dogo. Usitumie ndoo ya bati au kifaa kilichopigwa zinki halafu ukaja kushangaa zinki iko juu. Vua pete. Kila sehemu changanya vijisampo vitano ndani ya mita kama kumi, gawanya kwa robo mpaka ibaki kilo moja, mfuko wa zipu, namba ndani na nje, GPS, picha, rangi ya udongo, mteremko, kinachoota pale. Kila sampo ya kumi au ishirini rudia kama pacha ili uone udongo wenyewe unayumba kiasi gani ndani ya mita chache. Kausha kivulini au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40 kama unataka zebaki, ukipasha zaidi zebaki inaondoka.

Chekeche ni jambo watu wanalipita haraka na halitakiwi. Kwa kulinganisha na data za watu, 2 mm ndo kawaida. Kwa hatari ya mtoto kula vumbi la mikononi, kinachonata mkononi ni chembe ndogo, na EPA tangu 2016 wanashauri chini ya mikroni 150. Chembe ndogo mara nyingi zina metali zaidi. Sasa ukipima eneo la mgodi kwa mikroni 150 na eneo la kulinganisha kwa 2 mm umetengeneza uchafuzi kwa chekeche.

Maabara

Uliza njia. Akwa regia, mchanganyiko wa asidi kali, inatoa kile asidi inachoweza kung'oa, XRF, mashine ya eksirei, inapima vyote vikiwemo vilivyofungwa ndani ya chembe ngumu. Kwa aseniki tofauti mara nyingi ni ndogo, kwa kromiamu inaweza kuwa mbaya sana kwa sababu kromaiti haiyeyuki kirahisi. Usichanganye njia mbili kwenye kundi moja na wala usilinganishe akwa regia yako na XRF ya ripoti ya zamani.

Ile bunduki ya XRF ya mkononi ni nzuri kwa kuzunguka na kuchagua wapi pa kuchukua sampo, ila penye risasi nyingi usiiamini kwa aseniki, mistari yao mikubwa inagongana kabisa karibu na 10.5 keV na mashine inabidi ikisie. Peleka angalau sehemu ya sampo kwenye ICP-MS, mashine ya maabara inayopima hata kiasi kidogo sana. Dai pia majibu ya sampo tupu (isiyo na udongo), pacha, na udongo wa rejea wenye cheti. Maabara ikigoma kukupa hizo, hamisha kazi.

Namba zimerudi, sasa

Kitu cha kwanza chora. Usikimbilie wastani. Nitatumia namba za kubuni, nimezitunga kufundishia tu sio za Geita: aseniki kwenye sampo 12 za kikungu juu ya mawe ya chuma, mg/kg: 6, 8, 9, 9, 11, 12, 14, 15, 18, 22, 31, 64.

Wastani ni 18.25, standadi deviesheni 16. Ile kanuni ya zamani ya wastani kujumlisha deviesheni mbili inakupa mpaka wa juu 50, na mpaka wa chini hasi 14. Aseniki hasi! Udongo hauna aseniki hasi, hiyo ni data yenyewe inakwambia umbo la kengele sio lake. Metali kwenye udongo karibu siku zote zina mkia mrefu kulia, nyingi ndogo na chache kubwa, na ile moja ya 64 imevuta kila kitu: imepandisha wastani na deviesheni, halafu mpaka uliopanda ndo unatumika kuihukumu yeye mwenyewe.

Tumia namba ya katikati, hapa ni 13. Kisha MAD, kipimo cha mtawanyiko kisichovutwa na namba moja kubwa: toa 13 kwa kila namba, futa alama ya kutoa, tafuta katikati ya hizo tofauti, unapata 4.5, zidisha kwa 1.4826 unapata kama 6.7. Katikati kujumlisha MAD mbili ni 26. Ukifanya hivyohivyo baada ya kugeuza namba kuwa logariti, halafu ukarudisha, unapata kama 38. Mimi naiamini zaidi ya logariti kwa data yenye mkia, ile 26 ingeitupa nje 31 ambayo kwa macho tu ni ndugu wa wenzake. Ila ona jinsi data moja ilivyokupa mipaka mitatu, 26, 38 na 50, kulingana na umechagua nini. Ndo maana ripoti yenye mpaka bila kueleza ulivyopatikana haina thamani.

Halafu 64. Usiifute tu na usiikumbatie tu, rudi kwenye ukurasa wa sampo. Hapa unachora aseniki dhidi ya chuma. Chuma na aseniki kwenye udongo wa kitropiki vinatembea pamoja kwa sababu oksaidi za chuma zinaishika aseniki. Kama ile sampo ya 64 ina chuma nyingi pia na imekaa kwenye mstari mmoja na wenzake, yawezekana ni jiwe la chuma tu limeoza pale, ni ya asili, ibakize. Kama chuma chake ni cha kawaida ila zebaki iko juu, nenda ukaangalie kama jirani hakuna marudio (mabaki ya uchenjuaji) yaliyomwagwa, mana zebaki na aseniki zikipanda pamoja sehemu ya wachimbaji wadogo ni alama ya mikono ya binadamu. Hii mbinu ya kutazama madini yakitembea na chuma, alumini au manganizi inaokoa pale ambapo hujapata sehemu safi, unaweza kuitumia hata ndani ya eneo linaloshukiwa lenyewe, sampo zilizokaa kwenye mstari ni asili na zilizoruka juu ya mstari ndo za kufuatilia.

Zile zilizorudi "chini ya kiwango cha kupimika" usizijaze nusu ya kiwango. Najua Eksel inarahisisha, najua kila mtu anafanya. Unatengeneza data ya uongo yenye namba zinazojirudia na mtawanyiko wake unaharibika. ProUCL ya EPA ni ya bure, ina njia za takwimu za Kaplan-Meier na ROS za kushughulikia hizo, na ndo programu hiyohiyo itakupa UTL, ule mpaka unaosema kwa uhakika wa asilimia 95 asilimia 95 ya udongo wa kundi hili uko chini yake. Anayejua R ana vifurushi vyake. Cha muhimu zaidi, kama zaidi ya nusu ya data ziko chini ya kupimika usijifanye unajua namba ya katikati, badilisha maabara yenye kipimo cha chini zaidi.

Kulinganisha bila kujidanganya

Njia mbili na zinajibu maswali mawili. Kama swali ni "hili eneo lote limepanda?", linganisha makundi mawili kwa jaribio kama Wilcoxon. Kama swali ni "kuna doa mahali?", tumia UTL sampo moja baada ya nyingine. Fanya zote, kwa sababu doa dogo halionekani kwenye wastani na ongezeko dogo la eneo zima halivuki UTL.

Na kumbuka mpaka wa asilimia 95 maana yake 5 katika kila 100 za udongo msafi zitavuka. Ukipima sampo 40 kwa metali 12 una majibu 480, hata pasipo uchafuzi wowote tegemea yanayokaribia 24 yavuke. Mwanaharakati akiyaona hayo 24 ataandika gazetini, mgodi ukiyaona utasema yote ni bahati mbaya. Angalia yako wapi: yakiwa yametawanyika ovyo ni bahati, yakiwa yamejipanga kando ya mkondo mmoja wa maji sio bahati.

Kwenye hesabu ya hatari

Kosa linalopendwa ni kutoa kiwango cha asili kwanza halafu kupiga hatari ya kilichobaki, au kuifuta aseniki kabisa kwenye orodha kwa sababu "ni ya asili". Mwongozo wa EPA wa 2002 ulishalikataa hili: piga hatari ya yote, halafu eleza sehemu gani ni ya mwamba na ipi ni ya shughuli. Mwili wa mtoto hauulizi aseniki imetoka kwa nani. Finland wana njia ya kistaarabu pia, kanuni yao ya 2007 inasema aseniki ikizidi 5 mg/kg unatakiwa kufanya tathmini, lakini penye asili iliyo juu ya hapo, kama eneo la Tampere, kizingiti kinakuwa kiwango cha asili cha pale. Hawasemi ni salama, wanasema tu usafishaji hauwezi kushusha chini ya mwamba. Tanzania tuna kanuni za viwango vya ubora wa udongo za 2007, zitumie kwa sababu ni sheria, ila weka pembeni yake kiwango cha asili cha kundi lako ili mwenye maamuzi aone vyote viwili.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Mtoto wa kilo 15, anameza udongo mg 200 kwa siku, aseniki 20 mg/kg: anapata 0.004 mg kwa siku, gawa kwa 15 ni kama 0.00027 mg kwa kila kilo ya mwili. Sio aseniki yote inayoingia kwenye damu, EPA kama huna kipimo wanachukua asilimia 60, na aseniki iliyofungwa kwenye oksaidi za chuma mara nyingi huwa chini ya hapo, kwa hiyo kama una hela ya jaribio la tumbo bandia maabara, itumie hapa, inabadilisha jibu kuliko sampo kumi za ziada.

Sasa kitu ambacho miongozo ya nje haikijui. Mg 200 ni mtoto anayelamba vidole. Kwetu wajawazito wanakula udongo, pemba (vile vipande vya udongo wa kula) zinauzwa sokoni zimefungwa vizuri, na utafiti uliofanywa Geita ukachapishwa 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula, tena makumi ya gramu kwa siku. Piga tena: mama wa kilo 60, gramu 30 za udongo wenye 20 mg/kg ni 0.6 mg kwa siku, sawa na 0.01 kwa kilo ya mwili. Hiyo ni zaidi ya mara 37 ya yule mtoto, kwa udongo uleule wa asili ambao hakuna aliyeuchafua. Kwa hiyo kwenye ukanda wa dhahabu njia hii ya kumeza iingize kwenye tathmini, uliza pemba ya soko hilo inachimbwa wapi, nunua chache upime, na usizichanganye na sampo zako za mashambani, ni kundi lake kabisa.

Ukiandika ripoti weka data zote ghafi kama kiambatisho pamoja na GPS, njia ya maabara, chekeche, vipimo vya chini vya maabara, na mpaka ulivyopatikana. Makundi yataje kwa majina ya udongo wanayoyajua wenyeji. Sampo zilizobaki zihifadhi kavu, mana mgodi ukifungwa kuna mtu atahitaji kuzipima upya kwa mashine nzuri kuliko yako. Na kwenye mkutano wa kijiji usiwaambie "ni asili msijali" wala "mmelishwa sumu", waambie udongo wa kilimani una aseniki kiasi gani, wa bondeni kiasi gani, upi usiliwe, na mboga za kikungu zioshwe vizuri.